Lori moja, namba tatu: data ya magari ya biashara idaiwe kwa kiwango kipi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nasimamia magari ya kampuni ya familia hapa Dar. Tunapakia bandarini kwenda Zambia na Lubumbashi. Tuna malori 34: Scania 12 na Actros 6, yote yalitoka Ulaya yakiwa yameshatumika, halafu Howo 11 na FAW 5. Tuna na Hilux tatu za wasimamizi. Scania naziangalia kwenye tovuti ya mtengenezaji, mengine yako chini ya kampuni mbili tofauti za GPS. Kila mwisho wa mwezi nakaa na Excel nanakili namba kwa mkono, na hazipatani: mafuta hayalingani na risiti, kilomita hazilingani na dashibodi, hata safari za siku hiyo hiyo zinatofautiana. Juzi Actros moja ilionyesha tenki lina asilimia 102. Nilipoomba data yangu niiweke sehemu moja, kampuni mojawapo ikanijibu kuwa data ni mali ya mfumo wao. Sasa kuna mtu ananishawishi ninunue mfumo mpya "unaosoma magari yote kwa kiwango cha kimataifa". Kiwango hicho kipo kweli? Nidai kipi? Na data ni ya nani?

JIBU: Dada yangu, kiwango kipo. Shida ni kwamba vipo kadhaa, kila kimoja kilitungwa na watu waliokuwa na tatizo lao, na hakuna kilichotungwa kwa kumfikiria mtu mwenye Scania ya mtumba na Howo mpya kwenye yadi moja. Ndiyo maana ukimuuliza muuzaji yeyote kama mfumo wake unafuata kiwango cha kimataifa atakujibu ndiyo, na wala hatakuwa amekudanganya. Swali la kumbana nalo ni hili: namba hii imetoka wapi ndani ya gari, ina kipimo gani, na ni ya saa ngapi? Akishindwa kujibu hayo matatu, nembo ya kiwango chochote haitakusaidia kufunga hesabu zako za mwezi.

Nianze na hiyo asilimia 102, kwa sababu ukiielewa hiyo utaelewa robo tatu ya matatizo yako.

Ndani ya lori la kisasa, kompyuta ya injini (mafundi wetu wanaiita kontroli boksi), ya gia, ya breki na ya dashibodi zinazungumza kupitia jozi ya nyaya zilizosokotwa pamoja. Mtandao huo unaitwa CAN, na lugha inayotumika zaidi kwenye magari mazito ni SAE J1939, iliyotungwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Kila taarifa ina namba yake ya utambulisho na, kwa kawaida, baiti nane za maudhui. Kiasi cha mafuta kwenye tenki kinapewa baiti moja tu, yaani namba kuanzia 0 hadi 255, na kila hatua moja ni asilimia 0.4. Piga hesabu: 250 mara 0.4 ni asilimia 100, tenki limejaa. Namba 251 hadi 255 hazikuwekwa kwa ajili ya mafuta. Namba 254 maana yake sensa ina hitilafu, na 255 maana yake "taarifa hii sina". Sasa programu iliyoandikwa kwa haraka haiulizi, inazidisha tu: 255 mara 0.4, jibu 102. Actros yako haikuwa imejaa kupita kiasi. Ilikuwa inakwambia haina taarifa, na mfumo wako ukakutafsiria kuwa ni mafuta.

Ugonjwa huo una ndugu zake. Joto la maji ya injini linaanza kuhesabiwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, nyuzi moja kwa kila hatua, kwa hiyo "sina taarifa" inasomeka nyuzi 215. Ukiona lori lina 215 usimpigie dereva simu asimame katikati ya mlima Kitonga. Mpigie aliyekuuzia programu. Na usichukue kanuni hii ukaipeleka kwenye Hilux. Magari madogo yana kiwango kingine, kile cha plagi ya pini 16 chini ya usukani, na huko 255 kwenye mafuta ni asilimia 100 halali kabisa. Baiti ni ile ile, viwango viwili, majibu mawili. Mfumo "unaosoma magari yote" unatakiwa ujue hilo kabla haujakuonyesha grafu za rangi.

Sasa Scania na Actros. Watengenezaji wa Ulaya walikuwa na sababu ya kuogopa watu wa nje wanaokata nyaya za CAN na kuchomeka vifaa vyao humo ndani, kwa kuwa kifaa kibovu kinaweza kuvuruga mawasiliano ya breki. Mwaka 2002 Daimler (wenye Mercedes Actros), MAN, Scania, Volvo, DAF na IVECO walikubaliana kutoa taarifa kadhaa kupitia sehemu moja salama na kwa mpangilio mmoja. Makubaliano hayo ndiyo FMS, kifupi cha Kiingereza cha mfumo wa kusimamia magari. Yamejengwa juu ya J1939: mafuta yaliyotumika tangu gari litoke kiwandani, kilomita, mwendo, mizunguko ya injini, saa za injini, joto, na mengine. Gari linatoa taarifa, halipokei amri. Ni makubaliano ya hiari, wala hayalazimishi kila lori litoe kila taarifa iliyomo kwenye orodha. Na hapa ndipo mtumba unapoleta kazi: kwenye malori mengi FMS iliuzwa kama nyongeza ya kulipia, au imo lakini haijawashwa. Wakati unanunua lori lililotumika, pamoja na kuuliza gia na matairi, uliza kama FMS imewashwa. Kama haijawashwa, wakala mwenye mashine ya mtengenezaji ndiye anayeiwasha, na bei yake ijue kabla hujasaini.

Kuna pia rFMS, ambayo ni mpango ule ule kwa mbali. Lori linatuma kwa seva ya mtengenezaji kupitia kifaa cha kiwandani, na wewe au programu yako mnaichukua data kwenye seva hiyo kupitia API, yaani mlango wa programu kuchukulia data, kwa ruhusa ya mwenye gari. Uzuri wake ni kwamba Scania, Volvo na MAN wanajibu kwa umbo moja: umbali kwa mita, mafuta yaliyotumika kwa mililita, uzito kwa kilo. Ubaya wake kwetu ni wa kibinadamu zaidi kuliko wa kiufundi. Lori la mtumba mara nyingi bado limesajiliwa kwenye akaunti ya mwenye lori wa kwanza huko Ulaya, au laini iliyomo kwenye kifaa cha kiwandani haina mkataba wa huku. Kwa kila moja kati ya yale 18 yaliyotoka Ulaya, thibitisha kwa namba ya chasi kwamba limeandikwa kwa jina la kampuni yenu. Ukikuta moja bado liko kwa mwenyewe wa zamani, maana yake kuna mtu usiyemjua anayeweza kuona lori lako liko wapi na mzigo wa mteja.

Turudi kwenye mafuta, maana najua ndiyo yanayokunyima usingizi. Unapolalamika kwamba "mafuta hayalingani", unalinganisha vitu vinne ambavyo vyote vimebandikwa jina moja.

Cha kwanza ni geji, ile asilimia. Kwenye lori lenye tenki mbili za jumla ya lita 800, hatua moja ya asilimia 0.4 ni lita 3.2, kwa hiyo hata sensa ikiwa timamu haiwezi kuona lita mbili zikiondoka. Ongeza mteremko, mafuta yanayocheza tenkini, na boya lililochoka. Geji inafaa kukwambia kwamba lita 60 zimetoka usiku gari likiwa limezimwa. Haifai kukokotolea matumizi ya safari, na mfumo wowote unaokupa "lita kwa kilomita 100" kutoka kwenye geji unakupotezea muda.

Cha pili ni jumla ya mafuta yaliyochomwa na injini. Kompyuta ya injini inajua nozeli zilifunguka kwa muda gani na kwa shinikizo gani, inajumlisha. Hii ndiyo namba bora uliyonayo kwa kupima dereva na njia, na ni vizuri uione ikiwa uchi angalau mara moja. Taarifa hiyo ina namba 65257 kwenye J1939, na jumla imo kwenye baiti nne za mwisho, nusu lita kwa kila hatua. Tuseme fundi anakuonyesha baiti hizo zimeandikwa 40 E2 01 00. Zinasomwa kuanzia ya mwisho kurudi mwanzo, unapata 123,456, gawanya kwa mbili: lita 61,728 tangu lori lianze kazi. Programu inayozisoma kwa mpangilio usio sahihi itapata zaidi ya lita milioni 544, na hiyo utaishtukia. Usiyoishtukia ni ile nusu lita: kwa safari fupi za ndani ya jiji, kutoka bandarini hadi bandari kavu, lori linachoma lita chache tu, hivyo kukosea nusu lita mwanzoni na nusu mwishoni ni kosa kubwa. Malori mapya yanatoa pia jumla yenye usahihi wa mililita, katika taarifa nyingine yenye namba 64777. Uliza mfumo wako unasoma ipi. Kama ni zote mbili, uliza inazichanganyaje.

Cha tatu ni sensa ya fimbo inayotumbukizwa kwenye tenki. Ni nzuri kuliko geji, ila inategemea ilivyopimwa siku ya kufungwa. Fundi anatakiwa kumwaga mafuta kidogo kidogo kuanzia tenki tupu, kwa mfano lita 20 kwa mara, na kuandika kila hatua mpaka lijae. Nimewaona wanaonakili jedwali la lori moja na kulipachika kwenye lori lenye tenki la umbo tofauti kwa sababu jua limekuwa kali na dereva anataka kuondoka. Namba zitakuja, zitapendeza, na zitakuwa za lori lingine. Dai jedwali la kila tenki, lenye tarehe.

Cha nne ni risiti za sheli, yaani mafuta uliyoyalipia.

Kompyuta ya injini haijui kilichonyonywa kwa mpira pembeni ya barabara. Inajua kilichopita kwenye nozeli tu. Kwa hiyo kulingana kwa cha pili na cha nne hakuji kwenyewe, na pengo kati yao ndiyo habari unayoitafuta. Lori lijazwe mpaka juu Dar, liende Tunduma, lirudi, lijazwe mpaka juu kwenye pampu ile ile. Tuseme risiti zote za njiani na ya mwisho zimefika lita 1,020, na injini inasema imechoma 941. Kuna lita 79 hazikupita injini. Kabla hujamwita dereva ofisini, kumbuka kompyuta nayo inakadiria na kila lori lina tabia yake. Kama lori hilo kila safari lina pengo la asilimia mbili au tatu, hiyo ni tabia. Likiruka ghafla kufika asilimia nane, kaa naye mzungumze. Na kama lori linavuta kontena la baridi lenye injini yake inayokunywa tenki lile lile, toa hesabu hiyo kwanza, usije ukamfukuza mtu kwa ajili ya samaki.

Jambo moja zaidi kwenye mafuta. Foleni ya Tunduma inachoma dizeli kilomita zikiwa sifuri. Injini kubwa ikiunguruma imesimama inakula takriban lita mbili hadi tatu kwa saa. Ukimpima dereva kwa lita kwa kilomita 100 bila kuangalia saa za injini, unamwadhibu kwa makosa ya mpaka.

Kilomita nitazipitia haraka. Dashibodi inahesabu mizunguko ya magurudumu, kwa hiyo inategemea tairi. Lori lililopimwa kwa tairi 315/80R22.5, yenye kipenyo cha karibu milimita 1,076, ukilivika 295/80R22.5 yenye karibu 1,044, gurudumu linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule. Umetembea 1,000, dashibodi inasema kama 1,030, na lori linaonekana ghafla limekuwa mwangalifu wa mafuta. GPS ina makosa yake: inaunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo kifaa kinachotuma kila baada ya dakika mbili kinakata kona zote za milimani, halafu lori likilala yadini nukta zinatangatanga na kuongeza mita ambazo halikutembea. Chagua chanzo kimoja kwa ajili ya hesabu, kingine kiwe cha kukagua tu. Usichukue wastani wa viwili.

Saa nazo. Nina hakika kubwa kwamba safari zako za siku hazipatani kwa sababu mfumo mmoja unakata siku kwa saa za dunia, UTC, na mwingine kwa saa zetu. Usiku wa manane wa UTC kwetu ni saa tisa usiku. Lori lililotoka Kibaha saa nane usiku wa Jumanne, mfumo mmoja unaliandika Jumatatu. Likivuka Nakonde linaingia nchi iliyo nyuma yetu kwa saa moja, na Lubumbashi iko hivyo hivyo. Hifadhi kila kitu kwa UTC, onyesha kwa saa za Dar, na usiruhusu ripoti yoyote isiyoandika imetumia saa gani. Pia dai nyakati mbili kwa kila taarifa: saa ilipopimwa na saa ilipofika kwenye seva. Kwenye rFMS zote mbili zimo. Lori likipita porini pasipo na mtandao linahifadhi na kutuma baadaye, na mfumo unaotunza saa ya kufika peke yake utakuonyesha lori limesimama kwa muda mrefu, kisha limeruka kwenda mbele kama panzi.

Howo na FAW zinataka uaminifu zaidi kutoka kwa muuzaji. Howo 371 nyingi za Euro 2 (kiwango cha zamani cha moshi wa injini) zilizoko barabarani kwetu zina pampu ya dizeli isiyoendeshwa kwa umeme. Injini hiyo haina kompyuta inayojumlisha mafuta, kwa hiyo hakuna kiwango duniani kitakachokuletea namba ambayo haipo. Atakayekuahidi "mafuta ya injini" kwenye lori hilo atakupa makadirio ya kilomita mara kiasi fulani, na atayaita data. Huko funga sensa ya fimbo, pima tenki vizuri, basi. Zenye injini ya dizeli inayoongozwa na kompyuta, kuanzia Euro 3, kwa kawaida zinazungumza J1939, ila bila lango la FMS. Data inasomwa moja kwa moja kwenye nyaya. Sisitiza kisomaji cha kubana juu ya waya bila kukata wala kuchubua: kinasikiliza tu, hakiwezi kusema kitu kwenye mtandao wa gari. Kinagharimu zaidi ya kuunga waya kwa mkanda, na ni rahisi kuliko ugomvi na wakala juu ya warranti.

Sasa la data ni ya nani. Umoja wa Ulaya una sheria ya data, namba 2023/2854, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inayompa mtumiaji wa kifaa kilichounganishwa na mtandao, magari yakiwemo, haki ya kupata data inayotokana na matumizi yake na kuagiza ipewe mtu mwingine anayemchagua. Ni sheria nzuri. Ni ya huko. Usiende nayo kwa muuzaji wa GPS wa Kariakoo. Huku kinachokulinda ni mkataba, na kampuni iliyokwambia data ni mali ya mfumo wao pengine inasoma mkataba ambao ninyi wenyewe mliusaini. Utafute, usome.

Kisha angalia vifaa. Vifaa vya GPS vingi vinawekewa mipangilio kwa ujumbe mfupi wa simu: anuani ya seva vinakotuma, na neno la siri la kubadilisha anuani hiyo. Ukiwa umelipia kifaa lakini neno la siri analo muuzaji na laini imesajiliwa kwa jina lake, umenunua boksi. Mkataba mpya uandike kwamba neno la siri la kila kifaa unalo, laini ni za kampuni yenu, unaweza kuelekeza kifaa kutuma seva nyingine, data ghafi inatolewa kupitia API na siyo PDF za mwisho wa mwezi, na mkiachana mnakabidhiwa historia yote ndani ya muda uliotajwa. Ukiwa na neno la siri, kijana yeyote wa IT anaweza kuvielekeza vifaa vyako kwenye Traccar, programu huria inayoelewa lugha za vifaa vya kampuni nyingi sana, na ukaanza kuona data yako bila kubadilisha hata waya mmoja. Sikuambii uhamie huko. Nakwambia uweze.

Data inayomhusu dereva ina mwenyewe mwingine. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019. Mwendo, mahali na saa za kazi za mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi. Mweleze dereva kwa maandishi unakusanya nini na kwa ajili gani, na usimpe mteja wa mzigo namba ya simu ya dereva pamoja na njia yake yote kwa sababu tu mfumo una kitufe cha kushiriki.

Usitegemee pia kwamba serikali itaunganisha haya kwa niaba yako. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina mfumo wake wa kufuatilia mwenendo wa magari kwa mabasi, TRA, mamlaka ya mapato, ina lakiri za kielektroniki kwa mizigo ya kupita, na Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya aina hiyo. Kila kimoja kina kazi yake ya kisheria. Ndiyo maana lori moja la transiti linaweza kuondoka na lakiri ya mamlaka mlangoni mwa kontena, GPS yako chini ya dashibodi, na kifaa cha mtengenezaji juu ya kabini, vyote vitatu vikijua lori liko Mbeya na visijue kwamba vingine vipo.

Walioweza kulazimisha umoja ni wateja wenyewe. Wenye mitambo ya ujenzi Marekani walichoka kama ulivyochoka wewe, Caterpillar na tovuti yake, Komatsu na yake, Deere na yake. Chama chao cha wasimamizi wa mitambo, AEMP, kikaandika umbo moja la data na kuwabana watengenezaji walifuate. Toleo la kwanza lilitoka 2010, na kufikia 2016 toleo la pili lilikuwa limeingia ISO, shirika la viwango la kimataifa, kama 15143-3. Kama mna magreda au ekskaveta, dai hicho hicho kwa jina. Kwa malori, mwenye 34 hatamtikisa mtengenezaji wa Ulaya wala wa China. TATOA, chama cha wenye malori Tanzania, ikiweka vipengele vitano vya data kwenye mkataba wa mfano wa wanachama wake, wakala wa Dar atapokea simu hiyo.

Kwa hiyo nini ufanye wiki hii. Andika ukurasa mmoja. Usianze na taarifa 60, anza na kumi unazozitumia kweli: namba ya chasi, saa ya kupimwa, saa ya kufika, mahali, kilomita za jumla, mafuta yaliyochomwa jumla, kiasi cha tenki, saa za injini, mwendo, na hitilafu zilizo hai. Kila moja iwe na kipimo, chanzo, na inavyoonekana ikikosekana. Mstari wangu wa mafuta huwa hivi: "Mafuta yaliyochomwa na injini, jumla tangu kiwandani; lita, desimali moja; kutoka kompyuta ya injini pekee; isipopatikana, wazi." Hilo neno la mwisho lisimamie kwa nguvu. Sifuri ni kipimo, kutokujua siyo kipimo, na mfumo unaojaza sifuri pasipo na taarifa utakuja kukuonyesha lori lililokwenda Zambia bila kunywa hata lita moja. Funguo ya kila kitu iwe namba ya chasi yenye herufi na tarakimu 17, kwa sababu namba ya usajili hubadilika na tela lina yake. Ukitaka majina ambayo programu za kigeni zitayatambua, muungano wa COVESA una orodha ya wazi ya majina na vipimo vya taarifa za gari. Kijana wako aichukulie humo badala ya kubuni yake.

Ukurasa huo ndio kiwango chako. Scania zitaujaza kupitia rFMS, Actros kupitia FMS zikishawashwa, Howo na FAW zenye kompyuta ya injini kupitia J1939, na zile Howo 371 zitaacha nafasi wazi panapostahili.

Huyo bwana wa mfumo mpya mpe ukurasa, na malori matatu kwa wiki moja: Scania moja, FAW moja, na Howo 371. Usimwambie kwamba hiyo 371 haina kompyuta. Mwisho wa wiki mwombe faili ghafi, siyo picha za skrini, ukae nalo na risiti za sheli na kitabu cha dereva. Akikuletea mafuta ya injini ya ile 371, umeshapata jibu lako bila kulipa. Akikuachia nafasi wazi na akakueleza kwa nini, zungumza naye bei.

Hizo Hilux tatu ziache kwanza. Daftari la mafuta na odomita vinazitosha.